Vifurushi vya mama mkwe: niendelee kulipa, au nirudi kwenye sufuria yetu?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Buhongwa hapa Mwanza pamoja na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 66, ambaye tulimchukua kutoka Magu mwanzoni mwa mwaka baada ya kuona kwamba kule nyumbani hakuwa na mtu wa kumsimamia dawa. Mama ana kisukari cha ukubwani na presha. Kliniki wamempa glibenklamidi asubuhi na jioni, metformini, na kidonge kimoja cha presha. Mume wangu ni dereva wa lori na mara nyingi yuko njiani, kwa hiyo mlo wa mama uko mikononi mwangu.

Wiki tatu zilizopita niliona tangazo la huduma mpya ya kuwaletea wagonjwa vifurushi vya mapishi. Hawaleti chakula kilichopikwa. Wanaleta vyakula vibichi vilivyokwisha kuoshwa, kukatwa na kupimwa, kila mlo katika mfuko wake, pamoja na karatasi inayoeleza namna ya kupika. Kuna mpango wa wenye kisukari, wa wenye presha, wa wanaopunguza uzito na wa watoto wasiopatana na maziwa. Mpango wa kisukari ni shilingi 70,000 kwa wiki, yaani milo kumi ya mtu mmoja, mchana na jioni, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Mzigo huletwa kwa bodaboda Jumatatu na Alhamisi. Nililipia wiki mbili ili nijaribu, na ninapoandika barua hii tuko katikati ya wiki ya pili.

Nisifiche mazuri. Kabla ya vifurushi hivi, sukari ya mama ya asubuhi, kabla hajala chochote, ilikuwa haishuki chini ya milimoli 13 kwa lita. Siku hizi mashine inaonyesha 8 na 9. Nami nikitoka shule saa kumi nimechoka, nakuta mchicha umeshachambuliwa na kitunguu kimeshakatwa, kazi yangu ni kuwasha jiko tu.

Taabu ilianza siku ile ile ya kwanza, nilipofungua mfuko wa mchana. Ndani yake mlikuwa na kifuko kidogo cha unga wa dona kilichoandikwa gramu 60. Mama alikichukua, akakiweka kwenye kiganja, akakirusharusha kidogo kama mtu anayekadiria uzito, kisha akaniuliza kwa upole kama huo ulikuwa unga wa uji wa mtoto. Nilipomwambia kwamba ndio ugali wake wa mchana, alinyamaza. Jioni nilimsikia akizungumza na dada yake kwenye simu kwa Kisukuma, akisema kwamba amekuja mjini kwa mwanawe kupimiwa ugali kwa kijiko.

Tangu hapo anakula peke yake. Sisi tunakaa kwenye mkeka na sinia letu moja, yeye anakaa kwenye kiti na sahani yake. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka minne, amezoea kula na bibi yake, basi humfuata na kusimama mbele ya magoti yake. Mama hawezi kutafuna huku mjukuu anamwangalia: humega akampa, humega akampa, mpaka karibu nusu ya chakula imekwenda kwa mtoto. Nimejaribu kukataza kwa heshima, lakini mimi ni mkwe tu.

Yapo na mengine. Mzigo hufika saa nne au saa tano asubuhi nikiwa darasani, hupokelewa na jirani, na mara moja vipande vya sato vilikaa ndani ya mfuko mpaka niliporudi. Nilipovifungua vilikuwa vinateleza, na harufu yake haikuwa ya samaki wa leo. Nilivitupa. Karibu kila mlo una kifuko cha viungo ambacho hakikuandikwa kina nini. Kila Jumatatu wanaweka kichupa cha asali wakisema ni badala ya sukari kwenye chai ya mgonjwa, na Ijumaa iliyopita kitoweo kilikuwa kayabo.

Kilichonifanya niandike ni usiku wa kuamkia leo Jumatano. Mlo wa jioni ulikuwa samaki na mboga bila ugali wala viazi, kwa sababu karatasi yao inasema mgonjwa wa kisukari asile wanga usiku. Mama alimeza dawa zake kama kawaida. Saa tisa usiku binti yangu mkubwa, anayelala naye chumba kimoja, alikuja kunigongea mlango: bibi alikuwa amelowa jasho hadi shuka, mikono ilikuwa inatetemeka, na aliponiona aliniita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufariki. Mashine ilisoma 2.9. Nilimpa chai yenye sukari nyingi, na baada ya muda akatulia na kunijua. Asubuhi nilimpigia simu dada mwenye huduma, naye akaniambia kwamba hiyo ni dalili ya mwili kujisafisha, na kwamba kwa mwendo huo, baada ya miezi mitatu mama ataweza kuacha dawa kabisa.

Mume wangu amerudi leo mchana, amesikia habari za usiku na zile za simu ya mama kwa dada yake, na anasema nimemleta mama yake mjini ili nimfanyie majaribio. Naomba unisaidie. Niendelee na vifurushi kwa sababu namba za asubuhi zimekuwa nzuri, au niviache? Na nikiviacha, nitampikiaje mama bila kupoteza tulichokipata? Dada mwenye huduma tunasali naye kanisa moja, sipendi kumvunjia heshima.

Mkwe wa Buhongwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni ile ile na nikakupigia simu kabla sijaandika neno, kwa sababu jambo la usiku ule halikuweza kusubiri siku ya safu hii kutoka. Tuliyozungumza nayarudia hapa, maana ziko nyumba nyingi zenye mgonjwa anayemeza dawa hizo hizo.

Mwili wa mama haukuwa unajisafisha. Sukari yake ilikuwa imeshuka hadi kiwango cha hatari. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, ambayo ndiyo inayoshusha sukari, na hulisukuma hivyo hata kama mgonjwa hajala cha kutosha. Dozi aliyonayo aliipangiwa akiwa mtu wa kula ugali wake wa siku zote; ugali ulipopunguzwa na dozi ikabaki vile vile, dawa ikawa na nguvu yake yote juu ya chakula kidogo. Tena dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, na figo za mtu mzima zikianza kuchoka hukaa zaidi, ndiyo sababu madaktari huwa waangalifu sana nayo kwa watu waliovuka miaka 60. Ninasisitiza kwamba chakula kidogo hakikuwa kosa kwa chenyewe. Kosa ni kwamba mlo ulibadilishwa na watu ambao hawakuuliza mgonjwa anameza nini.

Sasa naomba usome tena barua yako mahali ulipoandika habari za mjukuu. Umeziweka pale kama suala la malezi na huruma ya bibi, na ni kweli, lakini mimi nimezisoma kama suala la dawa. Katika unga mkavu wa mahindi, karibu robo tatu ya uzito ni wanga, kwa hiyo gramu 60 zile zinabeba wanga wa gramu 45 hivi. Bibi akimega na kumpa mjukuu nusu, tumboni kwake zinafika gramu 22 au 23. Karatasi ya huduma inahesabu mlo mmoja, dawa inadai mlo mmoja, naye amekula nusu mlo. Jumlisha jioni isiyokuwa na wanga kabisa, na saa tisa usiku unapata 2.9. Hata kama vifurushi vingekuwa vimepangwa vizuri kuliko vyote duniani, mtoto wa miaka minne aliyesimama mbele ya magoti ya bibi yake angeivuruga hesabu hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kliniki, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mama aende na pakiti zote za dawa, daftari la namba za sukari na zile karatasi za mapishi. Muulizeni daktari kama glibenklamidi ipunguzwe au ibadilishwe, figo zilipimwa lini na majibu yalikuwaje, na kwa umri wake anataka sukari ya asubuhi iwe kati ya ngapi na ngapi, kwa kuwa kwa mzee daktari mara nyingi hulegeza kiwango kidogo ili kuepuka kushuka. Usimpunguzie wala kumwachisha dawa wewe mwenyewe. Mpaka atakapoonwa, kila mlo wa jioni uwe na wanga wake, na kidonge cha jioni asikimeze kabla chakula hakijawa mbele yake. Siku akishindwa kula, wapigie kliniki kabla ya kumpa.

Chai ya sukari uliyompa ilimsaidia, na ulifanya vizuri kumpima kwanza. Lakini chai ya moto hunywewa polepole, na usiku kama ule dakika zina thamani. Safari nyingine koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji ya kawaida, au mpe nusu chupa ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15, mpime tena. Kama bado yuko chini ya 4, rudia. Akishapanda, ale kitu chenye wanga, kipande cha kiazi au ugali uliobaki, kisha mwendelee kumpima mpaka kuche, kwa sababu dawa ile inaweza kumrudisha chini, na siku hiyo hiyo aonwe na daktari. Akiwa amepoteza fahamu au hawezi kumeza, usimtie chochote mdomoni: mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Mfundishe haya binti yako, kwani ndiye anayelala naye. Na kile kichupa cha asali kiondoke kwenye chai, kwa kuwa asali ni sukari, kiasi cha asilimia 80 ya uzito wake, hata kama imetoka kwenye mizinga mizuri ya Tabora. Kiwekwe kando ya kitanda cha mama kwa ajili ya usiku wa namna hiyo, na hapo kitakuwa na kazi ya maana.

Tuje kwenye vifurushi vyenyewe. Biashara hii haikubuniwa kwa ajili ya wagonjwa. Ilianza Uswidi mwaka 2007 kwa kampuni ya Middagsfrid, ikafuata HelloFresh ya Berlin mwaka 2011 na Blue Apron ya Marekani mwaka 2012, na wateja waliolengwa walikuwa watu wenye kipato ambao muda wa kwenda dukani na kufikiria watapika nini ulikuwa umewaishia. Mizigo ya kule husafiri katika maboksi yenye barafu na kuingia katika nyumba zenye friji. Mpango wa magonjwa uliongezwa baadaye juu ya msingi huo, na ndiyo maana huduma ya namna hii inaweza kuwa hodari katika kukata vitunguu na bado isijue lolote kuhusu kidonge cha mgonjwa.

Kwa shilingi 70,000 unanunua mambo matatu: kwenda sokoni, kukata, na kupima. Mawili ya kwanza yanakupunguzia uchovu, wala sidharau uchovu wa mwalimu anayerudi nyumbani saa kumi. Lakini kilichoitoa sukari ya mama kwenye 13 ni la tatu. Ni zile gramu 60. Na kipimo, mwanangu, ukishakijua ni chako; hakuna anayekuja kukuchaji kila Jumatatu kwa sababu unajua gramu 60 za unga zinajaa wapi kwenye kikombe.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba umalizie ulichokwisha kulipia, isipokuwa samaki wabichi, kayabo na ile milo ya jioni isiyo na wanga, halafu usilipie tena kwa sasa. Samaki mbichi hatakiwi kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, na kwa jua letu la Mwanza, kwenye kasha la bodaboda na kisha barazani kwa jirani, muda huo ulikwisha kabla kengele ya kutoka haijalia shuleni kwenu. Ulivyowatupa wale sato ulifanya sawa.

Kuhusu dada wa kanisani, naamini hana nia mbaya, na wazo lake la kumpimia mgonjwa chakula ni zuri. Ndiyo sababu usimkwepe. Kaa naye, umwonyeshe 2.9 kwenye kumbukumbu ya mashine, umweleze dawa aliyokuwa akimeza mama, kwa kuwa bila shaka ana wateja wengine wanaomeza dawa hiyo hiyo na wanaletewa karatasi hiyo hiyo inayokataza wanga usiku. Mgonjwa wa kisukari hakatazwi wanga usiku. Anachotakiwa ni kiasi kinacholingana na dawa yake, kisichoyumba leo na kesho. Muulize kila mlo una gramu ngapi za wanga na kiasi gani cha chumvi, na ni ofisa lishe gani aliyeupanga. Muulize pia kama jengo lake limesajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na kama wanaokata mboga wamepimwa afya. Akiwa na majibu, unaweza kurudi kwake katika wiki za mitihani unapokuwa huna nafasi. Lile la kumwambia mgonjwa ataacha dawa lazima aambiwe waziwazi kwamba asilitamke tena kwa mtu yeyote. Atakayemwachisha mama dawa ni daktari wake, kwa vipimo.

Usisahau presha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula. Kayabo ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi, na hata ukimlowesha usiku kucha bado ana chumvi nyingi kwa mtu wa presha. Vidonge vya supu navyo, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi au zaidi, kwa hiyo kifuko cha viungo kisichoandikwa kina nini usikitie kwenye sufuria. Na kuna kitu ambacho watu wa kwetu hawakihesabu: magadi tunayotia kwenye mlenda na maharage yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha. Ladha itafutwe kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya nyingi na karanga za kusaga.

Sasa nyumbani. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Bei yake haifikii kifurushi cha wiki moja. Pima gramu 60 za unga, au kiasi kingine atakachosema daktari baada ya kubadilisha dawa, umimine kwenye kikombe chochote cha nyumbani na utie alama unapofikia. Usonge ugali wa kiasi hicho peke yake mara moja tu ili uone ukubwa wake ukiiva: unakaribia ngumi. Baada ya siku hiyo hutahitaji mizani kila mara, kwa sababu macho yako yatakuwa yameshajua. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi zake, lakini wanga wake haupungui sana, kwa hiyo sinia la dona si ruhusa ya kula bila kipimo. Mama wa Magu ataulizia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na asinyimwe, ila ihesabiwe. Kiazi kitamu kibichi kina wanga kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, kikikaushwa maji yanaondoka na wanga unabaki, hivyo michembe mikavu uipime kama unga. Bakuli la michembe na karanga saa kumi jioni ni mlo kamili, na siku hiyo ugali wa usiku unapungua.

Kazi ya vifurushi mnaweza kuifanya wenyewe Jumamosi, wewe na binti yako. Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, wakavu wasiotiwa chumvi, wakichambuliwa mchanga na kugawanywa kwenye vikopo, hawaogopi joto la bodaboda wala kuchelewa kwa mwalimu, na wanaliwa na mifupa yao. Choroko, kunde na dengu zipimwe mapema namna hiyo hiyo, na zenyewe zina wanga pamoja na protini, kwa hiyo siku ya choroko ngumi ya ugali iwe ndogo kidogo. Mchicha, matembele, mgagani, bamia na nyanya chungu zinunuliwe karibu na siku ya kuliwa. Sato mnunue siku ile ile mnayompika, au msimnunue. Kwenye chakula cha mama, nusu iwe mboga hizo, robo ugali, robo samaki au jamii ya kunde, na nakuhakikishia hakuna mtu katika nyumba yako, hata mtoto, ambaye mlo huo utamdhuru. Tofauti ya mama na ninyi ni ukubwa wa tonge. Chakula kinaweza kuwa kimoja.

Hapa ndipo nataka urudi kwenye mkeka. Nilimpikia mama yangu mzazi sufuria yake ya peke yake kwa miezi mingi nikidhani ndiyo mapenzi, mpaka siku nilipomkuta amegeuza kiti chake kuelekea ukutani wakati sisi tunakula. Sijasahau mgongo wake ule. Songa ugali mmoja. Kabla mtu hajanawa, toa ngumi ya mama kwa bakuli lile lile kila siku, uifinyange vizuri, uiweke ndani ya sinia mbele ya mahali anapokaa, na mboga nyingi zaidi upande wake. Kila mtu hula upande wake wa sinia hata hivyo. Hakuna atakayeona kama amepimiwa. Mjukuu apewe tonge lake na kipande chake cha samaki kwanza, aketi ubavuni kwa bibi akiwa tayari anatafuna, ili bibi asiwe na sababu ya kumega. Akimega hata hivyo, mwongezee mama kiasi alichotoa, bila neno.

Maneno ya kumweleza mama asiyabebe mkwe. Mume wako yuko nyumbani, na hasira yake ni ya mtoto aliyeogopa kumpoteza mama yake, basi ipe kazi: awe yeye atakayempeleka kliniki kabla lori halijaondoka tena, asikie kwa masikio yake dawa ile inafanya nini, na yeye ndiye amwambie mama kwa Kisukuma kwamba ugali haukupunguzwa kwa uchoyo. Usijitetee kwake juu ya majaribio. Mwonyeshe daftari, ile 13, ile 8 na ile 2.9, na mlisome pamoja.

Na kipimo mkabidhi mama. Mwanamke anayekiweka kifuko cha unga kiganjani na kukirusharusha ili ajue uzito wake amepima nafaka maisha yake yote; wewe umemletea mfuko uliofungwa na mtu asiyemjua, naye akajiona mtoto. Mpe mizani achezee, mwambie gramu 60, mwache achague kikombe cha kuweka alama na ateke unga wake mwenyewe kila mchana. Muombe akufundishe mlenda wa kwao usio na magadi.

Wiki moja baada ya kutoka kliniki niandikie namba tatu za kila siku, ya asubuhi, ya saa mbili tangu aanze kula mchana, na ya kabla ya kulala, pamoja na dawa alizobadilishiwa. Uniambie pia mama amechagua kikombe gani.